Barua ni Nusu ya Kuonana: Simu, Sadfa na Msako katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu yeyote anayefundisha riwaya zilizoandikwa kabla ya mwaka 2000 amewahi kuulizwa swali hili darasani: kwa nini mhusika hakupiga simu? Wenzake huangua kicheko, lakini muulizaji hana mzaha. Mtahiniwa wa leo amezaliwa karibu na Machi 2007, mwezi ambao M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya. Hajaijua dunia ambamo mtu aliondoka asubuhi na nyumbani wakakaa mwaka mzima bila kujua alikofikia. Anaposoma juu ya kijana anayevuka nchi mbili akimtafuta mzazi, au ndugu wanaopotezana na kuja kukutana bila kutarajia, huona kwamba mwandishi amekosa njia ya kuimaliza hadithi yake. Akiulizwa katika mtihani atathmini matumizi ya sadfa, huandika kwamba sadfa inapunguza uhalisi, kisha akasonga mbele.

Makala haya yanakusudia kulichukulia swali hilo kwa uzito unaolistahili. Tutauliza: je, teknolojia ya mawasiliano imeifanya riwaya ya msako kupitwa na wakati? Msimamo wetu ni kwamba haijafanya hivyo. Simu huwaunganisha wale ambao tayari wanajuana na wanatakana. Riwaya ya Kiswahili kwa upande wake imejishughulisha zaidi na wale waliokatwa na wenzao kwa umaskini, aibu, ukatili au vita. Hao hawamo katika orodha ya namba za mtu yeyote. Anayelielewa jambo hili ataisoma sadfa kwa jicho jipya, na huenda akaisoma hata jamii yake kwa jicho hilo hilo.

Wahenga walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Methali hii itakuwa mwongozo wetu. Inakiri kwamba chombo cha mawasiliano kina thamani, maana nusu si haba. Papo hapo inatukumbusha kwamba kuna nusu nyingine ambayo chombo hakiifikishi.

Lwakhakha: mto, mpaka na mawimbi

Kabla hatujaingia katika vitabu, ni vyema tuwe na mfano halisi ambao mwanafunzi anaweza kuugusa. Tumechagua Lwakhakha. Huu ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, eneo la Sirisia, chini ya Mlima Elgon. Mto Lwakhakha unateremka kutoka mlimani na kuwa mpaka wa Kenya na Uganda. Ng'ambo ya mto kuna mji wenye jina lilo hilo, ambao leo umo katika Wilaya ya Namisindwa. Wabukusu wa upande huu na Wamasaaba wa upande ule wana lugha zinazokaribiana na jando lenye asili moja. Ukoo mmoja unaweza kuwa na watu kila upande.

Jamii hii ilikuwa na njia zake za kupashana habari kabla ya chombo chochote cha umeme. Tuchukue jando la Wabukusu, ambalo hufanyika katika miaka ya shufwa. Mvulana anayejiandaa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akiwaalika yeye mwenyewe, huku akipiga kengele za mkononi ziitwazo chinyimba. Hufika pia kwa mjomba wake, khocha, naye mjomba huchinja na kumvisha shingoni kipande cha nyama kiitwacho luliki. Siku hizi mjomba anaweza kuarifiwa tarehe kwa simu. Hata hivyo, luliki haivaliwi kwa simu. Lazima mvulana afike, aonekane, aguswe na mkono wa mjomba. Katika desturi hii, habari na uhusiano ni vitu viwili. Habari inaweza kutumwa. Uhusiano hauna budi kutembelewa.

Baadaye zikaja njia nyingine. Kulikuwa na barua zilizopitia posta na zile zilizopitia mkononi mwa makanga wa matatu. Kulikuwa na redio, Sauti ya Kenya na baadaye KBC, yenye vipindi vya salamu na matangazo ya vifo ambayo watu waliyasikiliza kimya wakihofia kusikia jina la ukoo wao. Mwishowe ikaja simu ya mkononi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kupunguza gharama za kupigiana simu baina ya nchi hizo, na mkazi wa mpakani akapata nafuu. Mwenye laini mbili, moja ya Kenya na nyingine ya Uganda, ana nchi mbili mfukoni.

Hata hivyo, matukio mawili yaonyesha kwamba kamba hii ina mwenyewe. Mnamo Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa yeyote aliyetaka kutumia mitandao kama WhatsApp na Facebook. Kodi hiyo iliondolewa 2021 na mahali pake pakawekwa kodi ya data. Kisha Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kote Uganda kwa muda wa siku tano hivi. Upande wa Kenya haikuzimwa. Ndugu wawili wanaotenganishwa na mto wanaouona kwa macho walijikuta mmoja ana mtandao na mwingine hana. Mto haukuwa umepanuka, wala daraja halikuwa limevunjika. Kilichowatenga ni amri iliyotolewa mbali na wao wote wawili.

Tuyashike mambo haya mawili, luliki na intaneti iliyozimwa, tunapoigeukia riwaya.

Siku Njema: msako usio na namba

Siku Njema ya Ken Walibora ilichapishwa 1996 na iliwahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini. Ni riwaya inayofaa kwa mjadala huu, kwani ndiyo inayozua swali la simu mara nyingi zaidi. Kongowea Mswahili, ambaye wenzake walimpa jina la Msanifu Kombo kwa umahiri wake wa kuandika insha, analelewa Tanga na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji. Mama anafariki. Kijana anaishia kumtafuta baba asiyemjua, na msako huo unamvusha mpaka wa Tanzania na Kenya na kumfikisha hadi Kitale. Kwa mtahiniwa ambaye bado hajaisoma, hatutamwondolea utamu kwa kumweleza anachokikuta mwishoni. Safari yenyewe inatosha kwa hoja yetu.

Tuulize sasa: laiti Kongowea angekuwa na simu, je, msako ungekwisha? Jibu la haraka ni ndiyo. Jibu la makini ni kwamba ili umpigie mtu simu unahitaji namba, na ili uwe na namba yake unahitaji kwamba yeye au mtu anayemjua akupe. Kongowea hana. Baba hayumo katika maisha yake, na pengo hilo lilikuwapo kabla ya safari kuanza. Umbali kati ya Tanga na Kitale ni sura ya nje ya umbali mwingine. Mwandishi ameuchukua utengano wa kifamilia na kuuandika juu ya ramani ili msomaji aweze kuuona.

Vijana wengi wa leo wana simu za bei kubwa na hawawajui baba zao. Mwalimu wa Bungoma, Kitale au mahali pengine popote anajua kwamba darasani mwake wamo. Hao hawamuulizi Kongowea kwa nini hakupiga simu. Wanajua kwa nini.

Kuna jambo la pili. Kwa kuwa hana chombo cha kumruka mtu wa katikati, Kongowea analazimika kupitia kwa watu. Anauliza njia, anaomba hifadhi, anadanganywa na kusaidiwa. Kila hatua inamkutanisha na binadamu ambaye angeweza kumpuuza. Kinachomwezesha kusonga ni lugha. Kiswahili cha Tanga kinamfungulia mlango Mombasa, Nairobi na hadi kaskazini mwa Bonde la Ufa. Jina lake si la bure: Kongowea ni jina la Mombasa ya kale, na Mswahili ni jina la yule ambaye lugha hii ni yake. Tunaweza kusema kwamba katika riwaya hii Kiswahili chenyewe ndicho chombo cha mawasiliano, tena hakibadilishwi mpakani kama laini. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo na kwamba kifundishwe shuleni. Kwa mkazi wa Lwakhakha, uamuzi huo unahusu mawasiliano kama vile bei ya kupiga simu inavyohusu, na pengine zaidi.

Mtahiniwa anayejibu swali juu ya safari ya Kongowea asiishie kuorodhesha miji. Aonyeshe kwamba safari inamjenga mhusika kwa njia ambayo mazungumzo ya simu yasingeweza.

Utengano na Chozi la Heri: ukuta na sadfa

Mhakiki anaweza kutupinga hapa. Atasema kwamba Siku Njema inahusu enzi zilizopita, kwa hivyo si ajabu kwamba haina simu. Tuchukue basi riwaya mbili nyingine, moja kongwe zaidi na moja ya karibuni.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maksuudi anawafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna. Hawaruhusiwi kuchanganyika na watu. Maimuna haishi mbali na mtu yeyote. Majirani wako nyuma ya ukuta. Sauti za mtaa zinamfikia. Kinachomtenga na wenzake ni amri ya baba, nayo amri hiyo inaitwa heshima. Tukimpa Maimuna simu, tutakuwa tumempa kitu ambacho Maksuudi atakichukua siku hiyo hiyo. Hapa tunakumbuka Januari 2021: mwenye mamlaka juu ya chombo ndiye mwenye mamlaka juu ya uhusiano. Riwaya iliyoandikwa kabla ya simu ya mkononi kuenea Afrika Mashariki imelielewa jambo hilo vizuri kuliko matangazo mengi ya biashara ya simu.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilichapishwa 2014, miaka saba baada ya M-Pesa, na ilianza kutahiniwa katika KCSE 2018. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa na simu. Hata hivyo, msuko wake unategemea sadfa waziwazi. Umu anabaki peke yake baada ya Sauna, mtumishi wa nyumbani, kutoroka na ndugu zake Dick na Mwaliko. Watoto hawa watatu wanatawanyika. Baada ya miaka, Umu na Dick wanakutana katika uwanja wa ndege, na baadaye Mwaliko naye anapatikana. Wahakiki kadhaa wa darasani huona kwamba mikutano hii ni mingi mno na inaisaidia riwaya kumalizika kwa furaha.

Tukubali kwamba kuna sadfa ya uvivu. Mwandishi akijifunga kwenye kona na kumtoa mhusika kwa bahati tu, bila bahati hiyo kusema lolote juu ya maisha, hiyo ni dosari na mtahiniwa ana haki ya kuitaja. Lakini sadfa ya Chozi la Heri inajibu swali la kijamii. Ni nani aliyestahili kuwatafuta watoto hawa? Familia ilikuwa imesambaratika, na ulinzi wa jamii haukuwafikia kwa wakati. Watoto wasio na mzazi wa kuwadai hawana wa kuwapigia. Pale ambapo taasisi zote zimeshindwa, kinachobaki ni bahati. Kwa hivyo furaha ya uwanja wa ndege ina uchungu ndani yake. Msomaji makini anafurahi kwamba wamekutana, kisha anajiuliza wangapi hawakukutana. Jina la riwaya, chozi na heri kwa pamoja, linamruhusu kuyahisi yote mawili.

Methali inayofaa hapa ni kwamba milima haikutani bali binadamu hukutana. Mara nyingi tunaisoma kama faraja. Katika riwaya hii tunaweza pia kuisoma kama lawama, kwamba tumewaachia watoto wakutane kwa namna ambayo wageni hukutana njiani.

Ili kumsaidia mwanafunzi kuzitofautisha sadfa, tunapendekeza aulize maswali mawili. La kwanza, wahusika hawa walitenganishwa na nani au na nini? La pili, je, riwaya inaonyesha kwa nini njia za kawaida za kuwaunganisha hazikufanya kazi? Matini ikitoa majibu, basi sadfa imejengewa msingi. Isipoyatoa, mwandishi ameazima bahati asiyoilipia.

Bina-Adamu! na Walenisi: wale ni akina nani?

Hadi sasa tumezungumzia familia. Zipo riwaya za Kiswahili zilizolichukua swali hili hadi kwenye mustakabali wa binadamu wote.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ilitoka wakati neno utandawazi lilikuwa limeenea katika magazeti na mihadhara. Msimulizi wake anaizunguka dunia akiongozwa na Hanna, akimtafuta P.P. Dunia imekuwa kama kijiji, na mtu anaweza kuipita yote. Lakini kijijini humo msimulizi ni mgeni kila anapofika. Riwaya hii nayo ni ya msako, kama Siku Njema, ila tofauti ni kubwa. Kongowea anavuka eneo dogo na kupata watu. Msimulizi wa Bina-Adamu! anavuka mabara na kukuta zaidi matokeo ya nguvu zinazoiendesha dunia bila kumuuliza mwanakijiji wa Kiafrika. Mwalimu anaweza kuzilinganisha riwaya hizi mbili kwa swali moja tu: njia zikirahisishwa, je, ukaribu unaongezeka?

Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inatoa jibu lenye matumaini zaidi. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwangamiza. Anajifunza kukiendesha, na badala ya kufa anafika Walenisi, nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Kwa mwalimu wa teknolojia na jamii, hii ni jazanda yenye nguvu. Chombo ni kile kile. Kwa waliokirusha, kilikuwa jeneza. Kwa Dzombo, baada ya kuyajua maarifa yake, kimekuwa njia. Mkangi hakidharau chombo wala hakiabudu. Anatuuliza ni nani anayekishika usukani, na kinampeleka wapi.

Jina la nchi hiyo linasomeka wazi: wale ni sisi. Hilo ndilo sharti ambalo Mkangi ameliwekea maendeleo. Teknolojia inayowageuza wale kuwa sisi inamfaa binadamu. Ile inayowageuza sisi kuwa wale, inayomfanya jirani awe adui au kitu cha kuchungulia kwenye kioo, haimfai hata ikiwa na kasi ya umeme. Mwanafunzi wa Lwakhakha hahitaji kwenda angani ili alielewe jina hili. Asimame darajani atazame ng'ambo.

Wasiopatikana

Kuna hatari ya kuufanya mjadala huu kuwa wa kitabuni tu. Kati ya 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon, juu ya Lwakhakha, lilikumbwa na mapigano ya ardhi yaliyohusisha kundi la Sabaot Land Defence Force, na kisha operesheni ya kijeshi iliyoanza Machi 2008. Watu waliuawa, maelfu walihama, na wengine wakavuka mpaka kuingia Uganda. Ripoti za mashirika ya haki za binadamu ziliwahesabu waliotoweka kwa mamia. Kumbuka mwaka: simu ya mkononi ilikuwa imeshafika, na M-Pesa ilikuwa imezinduliwa. Wapo waliopiga namba ya mtu wao wakaambiwa hapatikani, na hadi leo hapatikani. Familia kama hizo hazikukosa chombo. Zilikosa ukweli, na ukweli uko mikononi mwa watu.

Mwandishi wa Siku Njema mwenyewe ni mwana wa eneo hili. Alizaliwa Bungoma akakulia Trans Nzoia. Alifariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu. Kwa siku kadhaa jamaa na marafiki walimtafuta bila kujua alipo, hadi mwili wake ulipotambuliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Alikuwa miongoni mwa sauti zilizojulikana zaidi katika Kiswahili, mtangazaji, mhadhiri na mwandishi, katikati ya jiji lenye simu kila mfuko. Hatulitaji tukio hili ili kutafuta maana iliyofichika katika msiba wa mtu. Tunalitaja kwa kuwa linamjibu mwanafunzi anayedhani kwamba msako ni mambo ya kale. Mtu aliyeandika juu ya kijana anayemtafuta baba hadi Kitale alitafutwa naye, kisha akarudishwa Trans Nzoia kuzikwa.

Kwa mtahiniwa

Tutoe sasa mashauri machache ya kiutendaji.

Kwanza, usiihukumu riwaya kwa vifaa ambavyo haina. Ihukumu kwa uhusiano unaoonyeshwa. Badala ya kuandika kwamba mhusika hakuwa na simu kwa hivyo alipotea, onyesha ni kitu gani kingemzuia hata kama angekuwa nayo.

Pili, unapotaja mbinu ya sadfa, usiishie kuitambua. Eleza ni pengo gani la kijamii ambalo sadfa hiyo inaliziba, kisha utoe msimamo wako. Mtahini anataka kuona hoja na ushahidi.

Tatu, zichukulie barua, redio na simu katika matini kama zaidi ya pambo la mandhari. Uliza nani anakimiliki chombo, nani anakilipia, nani anasomewa ujumbe usio wake. Maswali haya yatakufikisha kwenye maudhui ya uwezo, jinsia na tabaka.

Nne, kuna suala la akili unde, ambayo Watanzania huiita akili mnemba. Siku hizi mwanafunzi anaweza kuiomba programu imwandikie muhtasari wa riwaya nzima na akaupata kabla maji ya chai hayajachemka. Walimu wengine wanapiga marufuku, wengine wanafumba macho. Sisi tungependa mwanafunzi aipime kwa methali yetu. Muhtasari ni kama barua kutoka kwa kitabu, tena barua iliyoandikwa na mtu wa tatu ambaye huenda akakosea majina. Ukiusoma baada ya kusoma kitabu, waweza kukukumbusha. Ukiusoma badala ya kitabu, utakuwa umearifiwa tarehe ya jando bila kufika kwa mjomba. Utaingia chumba cha mtihani bila luliki, na swali la kwanza la dondoo litakuumbua.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba riwaya ya Kiswahili, kuanzia Utengano hadi Chozi la Heri, imekuwa ikieleza jambo ambalo jamii yenye simu inalihitaji kuliko jamii iliyotangulia. Umbali wa barabara unaweza kupunguzwa na fundi. Umbali uliojengwa na aibu, amri, umaskini au bunduki hauna mnara wa kuuvuka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na salamu ya mbali, ingawa ni njema, haimlishi mtoto aliyeachwa wala haimrudishi aliyetoweka.

Mwalimu akiulizwa tena kwa nini mhusika hakupiga simu, asicheke na darasa. Amwombe muulizaji ataje watu watano ambao angependa kuwapata na hana namba zao. Orodha hiyo itakuwa mwanzo mzuri wa somo la riwaya.

Maswali ya kudurusu

1. "Umbali katika riwaya ya msako ni wa ndani kabla ya kuwa wa nje." Jadili kwa kurejelea riwaya yoyote uliyosoma.

2. Linganisha msako katika Siku Njema na ule wa Bina-Adamu! Kila msako unamfundisha mhusika nini juu ya wanadamu wenzake?

3. Tathmini matumizi ya sadfa katika Chozi la Heri. Je, ni udhaifu au ni sehemu ya maudhui?

4. Chombo cha kumwangamiza Dzombo kinageuka kuwa njia ya kumwokoa. Eleza jinsi jazanda hii inavyoweza kutumiwa kuhakiki teknolojia moja inayotumika katika eneo lako.